Masasi na Newala: Historia ya Vyombo vya Habari, Mawasiliano na Maendeleo

Masasi na Newala ni wilaya za Mkoa wa Mtwara, kusini kabisa mwa Tanzania, zinazotazamana na Msumbiji ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kwa karibu miaka 150 zimepokea vyombo vya kupashana habari kimoja baada ya kingine: kitabu kilichopigwa chapa, gazeti, redio, video, simu ya mkononi na sasa mnada wa kielektroniki. Kila kimoja kililetwa kwa jina la kuwainua watu, na matokeo yakatofautiana sana. Historia ya vyombo hivyo inaonyesha ni katika hali gani teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, huwafaa wakulima wa nchi maskini, na ni katika hali gani huwapita.

Mahali na umbali

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, mahali ardhi inapokatika ghafla na kuliacha bonde kubwa ambalo wenyeji huliita Shimo la Mungu. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda, katikati ya milima ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Wakazi wengi ni Wamakonde, Wamakua na Wayao. Udongo wa uwanda ni wa kichanga. Maji ya mvua huzama mbali chini, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuyachota. Udongo huohuo ndio uliokubali mkorosho, zao lililokuja kubeba uchumi wa wilaya zote mbili.

Umbali ndio uliokuwa adui wa kwanza wa habari. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ni ya kilomita 210 hivi, na kwa muda mrefu ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari kati ya Dar es Salaam na kusini ilitegemea kivuko cha Mto Rufiji, na mafuriko yalipokuja mikoa ya kusini ilitengwa na sehemu nyingine za nchi. Gazeti la jana lilifika likiwa la wiki iliyopita.

Kitabu, barua na gazeti

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA ya Zanzibar alitoka Lindi na kundi la watumwa walioachiwa huru, akawapa makazi Masasi. Steere alikuwa mtaalamu mkubwa wa Kiswahili na mtu aliyejua kazi ya kupiga chapa; vitabu vilivyochapwa Zanzibar vikawa sehemu ya mzigo wa kwanza wa misheni bara. Shambulio la Wangoni la mwaka 1882 liliivunja Masasi, na kazi ikahamia Newala kwa kipindi kabla ya kurudi. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadri na kuwa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, karibu na Newala.

Mtandao wa misheni uliendeshwa kwa barua na kwa wapagazi. Mwaka 1888 wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar, walianzisha gazeti la Msimulizi, lililokusanya habari za vituo vya bara na kuzirudisha kwa wasomaji wa vituo hivyohivyo. Lilikuwa dogo, na wasomaji wake walikuwa wachache waliopita shule. Hata hivyo liliwapa walimu Waafrika nafasi adimu kwa wakati ule, ya kuandika wenyewe yanayotokea kwao na kuyasoma yanayotokea kwa wenzao.

Mfano wa kinyume ulikuja mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Maji Maji kuwaka na misheni ya Masasi kuchomwa moto. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi, Newala na Mahuta akiwa na fonografu ya mitungi ya nta na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo, ngoma na sauti za watu, akazisafirisha Ujerumani. Kwa teknolojia, hiyo ilikuwa kazi ya mbele ya wakati wake. Kwa wenyeji haikuacha chombo, ujuzi wala nakala. Habari ilitoka na haikurudi.

Utawala wa Kiingereza uliongeza gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na shule za misheni ziliendelea kuzalisha wasomaji. Ndanda, katika Wilaya ya Masasi, Wabenediktini waliofika mwaka 1906 walijenga hospitali, shule na kiwanda cha uchapaji. Mpango wa karanga uliofuata Vita vya Pili vya Dunia uliiletea kusini bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, yenye tawi la Masasi. Karanga zilishindwa, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kusini ikabaki bila njia ya uhakika ya kwenda popote.

Redio na vikundi vya kusikiliza

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Kituo hicho kikawa shirika la utangazaji mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, mwaka 1965. Redio ya transista inayotumia betri ilivuka vikwazo viwili vilivyolizuia gazeti: barabara mbovu na kutojua kusoma. Katika sensa ya mwaka 1967 ni takriban theluthi moja tu ya watu wazima nchini waliojua kusoma na kuandika.

Serikali haikutosheka na kurusha vipindi hewani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliunda mfumo wa vikundi vya kusikiliza: redio moja, kijitabu kimoja, kiongozi mmoja aliyepata mafunzo mafupi, na wanakijiji waliokaa pamoja wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya. Kampeni ya Uchaguzi ni Wako ilifanyika mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa wiki 12 ikiwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 na washiriki wapatao milioni 2 nchi nzima. Vikundi vilichimba vyoo, vikafukia madimbwi, vikafyeka nyasi karibu na nyumba. Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975. Sambamba na hizo ilikwenda kampeni ya kufuta ujinga, na kufikia mwaka 1977 watu wazima waliojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 73.

Nguvu ya kampeni hizo ilikuwa katika mpangilio wa watu, maana redio ilikuwapo kabla yake na iliendelea kuwapo baada yake. Udhaifu wake ulikuwa kwamba mada zilichaguliwa Dar es Salaam, na kijiji hakikuwa na njia ya kujibu. Udhaifu huo ulionekana wazi katika miaka hiyohiyo. Watu wa Mtwara walihamishiwa vijiji vya ujamaa mapema kuliko mikoa mingi, wengine wakaiacha mikorosho yao mbali. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, huku ugonjwa wa ubwiriunga na bei ndogo vikiongeza pigo. Redio ilikuwa imejaa maelekezo kwa mkulima. Habari za mkulima kwenda juu zilipita kwa vikao vya chama na ofisi za wilaya, na zilipofika zilikuwa zimechelewa au zimelainishwa.

Miaka ya ukame wa mawasiliano

Katika teknolojia nyingine Tanzania ilikwenda kwa tahadhari. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta na televisheni ulipigwa marufuku ili kulinda fedha za kigeni. Televisheni ya Zanzibar ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma ya simu ikabaki mikononi mwa Shirika la Posta na Simu. Wilayani simu ilikuwa ya ofisi, posta na wafanyabiashara wachache. Hospitali za misheni na polisi walitegemea redio ya upepo. Mwananchi wa kawaida aliyetaka kupeleka taarifa ya msiba alimtuma mtu au akampa barua dereva wa basi.

Video mikononi mwa wanakijiji

Kuanzia mwaka 1988 Finland, iliyokuwa imeshafadhili miradi ya maji Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, iligharamia mpango wa maendeleo vijijini ulioitwa RIPS. Awamu za kwanza zilifanana na miradi mingine ya wafadhili. Kuanzia mwaka 1993 mpango ulibadili mwendo: wanakijiji wakaitwa kuchora ramani za vijiji vyao, kupanga matatizo kwa uzito wake na kuzungumza mbele ya kamera ya video. Picha zilionyeshwa kijijini kwanza ili wahusika wazikosoe, kisha zikapelekwa kwa madiwani, wakuu wa wilaya na wataalamu. Majibu ya wakubwa nayo yakarekodiwa na kurudishwa kijijini.

Katika pwani ya mikoa hiyo miwili, njia hiyo iliwasaidia wavuvi waliopinga uvuvi wa baruti kujenga sauti moja kupitia umoja wao wa Shirikisho. Lars Johansson na wenzake waliofanya kazi hiyo baadaye waliiendeleza chini ya jina la Maneno Mengi, na uzoefu wao ukawa mfano unaotajwa mara kwa mara katika maandishi ya mawasiliano kwa maendeleo duniani. Somo lake lilikuwa rahisi kueleza na gumu kutekeleza: ofisa anayeambiwa jambo na mwanakijiji mmoja anaweza kulipuuza, lakini ni vigumu kwake kupuuza picha ambayo kijiji kizima kimeiona na kinasubiri jibu. Gharama yake ilikuwa watu na muda, vitu ambavyo halmashauri ilivikosa pale ufadhili wa RIPS ulipokwisha mwaka 2005.

Sera mpya na simu ya mkononi

Mageuzi ya mawasiliano yalianza mwaka 1993 kwa sheria zilizolivunja Shirika la Posta na Simu na kuruhusu kampuni binafsi. Kampuni ya simu ya TTCL ilianza kazi mwaka 1994. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Wilaya ya Masasi na mwanafunzi wa zamani wa Ndanda, aliingia Ikulu mwaka 1995. Alikuwa mwanahabari kwa taaluma: aliwahi kuhariri The Nationalist na Daily News, na mwaka 1976 alikuwa mkurugenzi mwanzilishi wa shirika la habari la SHIHATA. Katika utawala wake TTCL ilibinafsishwa kwa sehemu mwaka 2001, Sera ya Taifa ya TEHAMA ikapitishwa mwaka 2003, na mwaka huohuo sheria ya kuunda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikatungwa.

Wakati huo mashirika ya kimataifa yaliweka matumaini katika vituo vya mawasiliano vya jamii, ambako kijiji kingepata simu, faksi, kompyuta na intaneti chini ya paa moja. Nakaseke nchini Uganda na Sengerema mkoani Mwanza vilikuwa vituo vya mfano. Vingi vya aina hiyo Afrika vilielemewa na gharama za umeme, matengenezo na intaneti ya setilaiti mara ufadhili ulipokoma. Chombo kilichofika kijijini kwa nguvu zake chenyewe kilikuwa kingine. Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na katika miaka michache minara ikasimama Masasi na Newala mjini. Umeme ulikuwa haba: kabla ya gesi ya Mnazi Bay kuanza kuzalisha umeme katika nusu ya pili ya muongo huo, kusini ilitegemea majenereta ya dizeli. Watu walichaji simu kwenye vibanda vyenye jenereta au sola kwa malipo madogo, wakanunua vocha ndogondogo, wakabipu ili wapigiwe.

Mwezi Aprili 2008 Vodacom ilileta M-Pesa. Kijana wa Newala aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha hakulazimika tena kumpa kondakta bahasha yenye fedha za mama yake. Wakala wa duka la kona akawa benki ya kijiji. Kebo za baharini za SEACOM, mwaka 2009, na EASSy, mwaka 2010, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka 2009, zilishusha gharama za intaneti. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotungiwa sheria mwaka 2006, ulitoa ruzuku kwa kampuni zilizokubali kujenga minara mahali pasipo na faida, na Halotel iliyoingia mwaka 2015 ilisukuma huduma vijijini zaidi. Pamoja na hayo, vipo vijiji vya mpakani ambako simu iliendelea kukamata mtandao wa Msumbiji na kumkata mtumiaji gharama za ng'ambo, jambo ambalo wabunge wa kusini wamelifikisha bungeni.

Takwimu za afya

Newala iliingia mapema katika matumizi ya kompyuta kwa afya ya jamii. Mwezi Julai na Agosti 2004, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na washirika wao walifanya uchunguzi wa kaya katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, wakitumia kompyuta ndogo za mkononi mahali pa madodoso ya karatasi. Kaya 21,600 zenye watu 83,346 zilifikiwa kwa wiki saba. Majibu yaliingizwa hapohapo mlangoni, na jibu lisiloingia akilini lilikataliwa na mashine kabla mhojaji hajaondoka. Uchunguzi huo uliambatana na utafiti wa kuwakinga watoto wachanga dhidi ya malaria. Kati ya 2011 na 2014 mradi wa EQUIP ulikusanya takwimu za kaya mfululizo katika wilaya jirani ya Tandahimba na Newala. Tandahimba walipewa taarifa hizo ili waboreshe huduma za uzazi. Newala ilikuwa wilaya ya kulinganishia.

Jirani yao, Lindi Vijijini, ilikuwa moja ya wilaya tatu za majaribio ya SMS for Life mwaka 2009 na 2010. Kila wiki kituo cha afya kiliombwa kwa ujumbe mfupi kueleza dawa za malaria zilizobaki, na mhudumu aliyejibu alizawadiwa salio la simu. Katika wiki 21, vituo vilivyoishiwa aina moja au zaidi ya dawa za malaria vilishuka kutoka takriban asilimia 78 hadi 26, na mfumo ukapelekwa nchi nzima. Simu iliyotumika ilikuwa ya kawaida, ya mhudumu mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba mganga mkuu wa wilaya alijua upungufu uko wapi, na alitakiwa kuhamisha dawa.

Korosho: kutoka kangomba hadi kioo cha mnada

Uwanja ambao TEHAMA imegusa mifuko ya watu wengi zaidi ni korosho. Utafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kuhusu unga wa salfa na mbegu bora ulisaidia uzalishaji kurudi juu ya tani 100,000 ilipokaribia mwaka 2000. Soko huria lilikuwa na maumivu yake: wanunuzi walipita vijijini kabla ya msimu, wakanunua kwa kangomba, kipimo cha bakuli kinachompunja mwenye shida ya fedha ya haraka. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza msimu wa 2007/08 ili mkulima apeleke korosho kwenye chama cha msingi, zipimwe, zihifadhiwe ghalani na kuuzwa mnadani kupitia chama kikuu: MAMCU kwa Masasi, TANECU kwa Newala na Tandahimba.

Mfumo ulipandisha bei, lakini uliegemea karatasi: stakabadhi, madaftari ya makarani, zabuni za bahasha ndani ya sanduku. Mkulima hakujua makato yalivyopatikana wala malipo ya pili yangekuja lini. Kucheleweshwa kwa malipo kulizaa hasira, na mwezi Aprili 2013 kulizuka vurugu Liwale, mkoani Lindi. Baadaye malipo yalihamishiwa kwenye akaunti za benki. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kusomba mzigo. Uhakiki wa nani ana shamba na nani ni mnunuzi wa kangomba aliyejificha nyuma ya majina ya wakulima ulichukua miezi, na wengi walisubiri fedha zao. Orodha ya kuaminika ya wakulima haikuwapo siku ilipohitajika.

Pengo hilo ndilo lililosukuma Bodi ya Korosho kuandikisha wakulima na mashamba yao katika kanzidata, na kugawa pembejeo za ruzuku kwa kufuata usajili huo. Msimu wa 2024/25 mauzo yalihamia katika Soko la Bidhaa Tanzania, TMX: wanunuzi wanatoa bei kupitia mtandao wakiwa popote, nazo zinaonyeshwa kwenye kioo mbele ya wakulima waliokusanyika. Minada ya kwanza ya msimu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bei hiyo ilitokana pia na hali ya soko la dunia, na mfumo peke yake hauwezi kuidai. Unachoweza kudai ni kwamba mkulima anaona kila bei iliyotolewa, ya juu na ya chini, kwa wakati mmoja na kiongozi wake wa chama, kisha ana uamuzi wa kuuza au kukataa.

Yaliyobaki

Vikwazo vipo bado. Tangu mwaka 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa hufungwa, na waliochelewa kupata namba hiyo walipoteza mawasiliano. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 iliwarudisha watu wengi kwenye fedha taslimu hadi ilipopunguzwa. Simu janja na vifurushi vya intaneti ni gharama kubwa kwa kaya inayopata fedha mara moja kwa mwaka, msimu wa korosho. Wanawake, ambao ndio waokotaji na wabanguaji wa korosho, mara nyingi hawamiliki simu wala akaunti inayopokea malipo ya shamba.

Historia ya Masasi na Newala inatoa hukumu moja. Vyombo viliwafaa wakulima pale vilipokuta watu waliojipanga kuvitumia, kama vikundi vya redio vya mwaka 1973, na pale habari ilipokwenda na kurudi, kama ilivyokuwa kwa video za RIPS na taarifa za dawa za Lindi. Vilipochukua habari bila kuirudisha, au kuteremsha amri bila kusikiliza, vilibaki mali ya waliovileta. Kioo cha mnada nacho kitapimwa kwa kipimo hicho: kama mwanachama wa chama cha msingi, baada ya kuona bei, anaweza pia kuuliza makato yake na kujibiwa.